Salama ya kwanza

Kisa hiki ni cha binti yangu. Ameniruhusu kukiandika, mradi nisimtaje jina wala mji aliokaa. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, na miaka ya wodini imenizoesha kupanga kisa kwa utaratibu: mgonjwa alikuja na nini, tulimwuliza nini, tulidhani nini, ikawa nini. Hiki nakipanga vivyo hivyo, ingawa safari hii aliyeshindwa kuuliza ni mama mtu.

Aliondoka Agosti 2023 akiwa na miaka 17, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi unaompeleka mtoto Marekani, anakaa kwenye familia ya wenyeji na kusoma sekondari kwa mwaka mmoja wa masomo. Alipangiwa jimbo la Minnesota, mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Minneapolis. Alirudi Juni 2024. Gharama zililipwa na serikali ya Marekani, pamoja na sharti ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka siku ya kusaini: mwaka ukiisha mtoto anarudi kwao, na hawezi kupata makazi ya kudumu ya kule wala aina kadhaa za viza za kazi mpaka atimize miaka miwili nyumbani. Sisi sharti hilo halikutusumbua, maana tulitaka arudi.

Kilichotusumbua ni shule. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba 2022, akafaulu vizuri, akachaguliwa kidato cha tano tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Kukubali safari maana yake ilikuwa kuiachia nafasi hiyo, na masomo ya kule hayaingii kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani. Wenzake wangekuwa wanaingia cha sita, yeye ndiyo anaanza cha tano. Shemeji yangu, baba mkubwa wa mtoto, alisema waziwazi kwamba tunanunua mbuzi kwenye gunia. Mume wangu alinyamaza. Mimi ndiye niliyesema aende.

Siku mbili kabla ya safari nilimpima uzito kwenye mzani wa kliniki: kilo 55. Tukaenda Sabasaba kwenye mitumba kumtafutia koti. Dodoma nayo ina baridi yake, Juni na Julai upepo wa usiku unaingia hadi kwenye mifupa, na wauza mitumba wanaujua msimu huo vizuri. Tulichagua zito kuliko yote. Mama mwenyeji alipoliona mwezi Oktoba alimpakia mtoto kwenye gari siku hiyohiyo, wakaenda kununua lingine.

Nalitaja koti makusudi. Yule mama alikuwa na jicho la kuona. Aliona baridi kabla mtoto hajasema.

Simu za Jumapili

Tulipanga kuongea kila Jumapili saa mbili usiku ya kwetu. Kule ilikuwa saa sita mchana, wametoka ibadani, wako nyumbani, kila mtu na shughuli zake. Miezi miwili ya kwanza tuliongea mpaka bando likakata. Nikizikumbuka simu zile sasa, nasikia zote zilikuwa na umbo moja. "Habari za huko?" "Nzuri, mama." "Unaendeleaje?" "Niko salama." Hapo zamu yake ilikuwa imekwisha, inaanza yangu: soma, sali, vaa soksi mbili, usitoke usiku. Baba yake anapokea simu anarudia yaleyale. Mdogo wake anauliza theluji. Tunaagana.

Tarehe 5 Novemba 2023 Marekani walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wanavyofanya kila mwaka msimu huo. Hapa nyumbani hakuna aliyekuwa na habari. Sisi tuko kama digrii sita tu kusini mwa ikweta, jua letu halipotezi miadi, na ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kuanzia alfajiri na kila mtu akaelewa. Minnesota iko karibu na digrii 45 kaskazini. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo na saa kumi na nusu limeshazama. "Mama, saa kumi na moja jioni huku ni usiku kabisa," aliniambia, nami nikacheka, nikidhani ananisimulia maajabu. Alikuwa ananiambia kwamba anaingia shuleni gizani na jioni giza linamkuta nje, wiki baada ya wiki.

Saa mbili yetu ya usiku sasa ikawa saa tano asubuhi ya kule, na saa tano wako katikati ya ibada. Simu ikitetemeka alikuwa anainuka, anatoka hadi kwenye korido, anasimama kando ya makoti yaliyotundikwa, ananong'ona: "Niko salama, mama, nitakupigia." Dakika moja, mbili. Mara nyingine hakupokea. Jioni yake ilipofika, kwetu ilikuwa usiku wa manane, na mtoto niliyemlea mimi hawezi kumwamsha mzazi usiku wa manane kumwambia kwamba hana la kusema.

Kila mtu nyumbani akawa na tafsiri yake. Mume wangu alisema ni masomo. Shemeji alisema mtoto ameshakuwa Mzungu, tumsahau. Mimi nilinuna. Jumapili mbili za Desemba sikupiga kabisa, nikitaka aone ukimya unavyouma. Katika kisa chote hiki, hizo Jumapili mbili ndizo zinazonichoma mpaka leo.

Sikukuu ya Krismasi tulipata simu ya video. Alivaa sweta jekundu, akatuonyesha mti wenye taa, akatuonyesha mbwa. Shingoni niliona mifupa ya mabega imechomoza. "Umekonda?" "Ni kamera, mama." Nikakubali. Wodini nisingekubali. Mgonjwa akiniambia "kichwa kinauma kidogo tu", siandiki kidogo tu. Nauliza kimeanza lini, kinauma upande gani, kinamwamsha usiku, jana alikula nini. Ile "tu" yake ndiyo ninayoifuata. Kwa mwanangu niliiacha ipite.

Bibi anauliza mbwa anakula nini

Mama mkwe wangu anaishi Mvumi, wilaya ya Chamwino. Si mtu wa kuja mjini wakati wa kilimo, ila Januari alikuja kliniki ya presha na ikabidi alale kwetu hadi Jumatatu. Jumapili hiyo alikuwa ameketi anasikitikia uwele wake aliouacha bila palizi, saa mbili ikafika, nikapiga.

Mtoto alipokea mara moja. Kule kulikuwa na dhoruba ya theluji, ibada imeahirishwa, yuko chumbani peke yake. Kabla sijafungua mdomo bibi akanyoosha mkono, akaichukua simu. Ilikuwa ya video, lakini yeye simu anaijua kwa sikio, akaibandika sikioni. Mjukuu wake upande wa pili akawa anaona pindo la kilemba na giza.

"Mke mwenzangu, mbukwa!" Hiyo ni salamu yetu ya Kigogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Unalala na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako! Mlango unafungika?"

"Unafungika, bibi."

"Mvua mmepata?"

"Huku ni theluji."

"Mifugo ipo?"

"Yupo mbwa mmoja."

"Huyo mbwa anakula nini?"

Tukamsikia anacheka. "Ana chakula chake, bibi, kinanunuliwa dukani."

"Na wewe leo umekula nini?"

Kicheko kikakatika. "Bado."

"Huko saa ngapi?"

"Saa tano."

"Nani anapakua chakula hapo?"

"Hakuna anayepakua, bibi. Kila mtu anajipakulia mwenyewe."

"Na wewe unajipakulia?"

Hakujibu. Tulisikia pumzi, kisha kilio alichokuwa anajaribu kukizuia kwa mkono. Bibi hakumwambia nyamaza. Aliisogeza simu sikioni zaidi, akakaa nayo. Mwisho mtoto akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu usiku ule: "Mbwa anawekewa, bibi. Mimi naambiwa nichukue."

Kilichokuwa kinaendelea

Siku alipofika, wenyeji wake walimfungulia friji na makabati wakamwambia kila kilichomo ni chake, achukue anachotaka wakati wowote. Walimaanisha. Kwao hiyo ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mgeni, kumwondolea ugeni. Asubuhi za mwisho wa wiki kila mmoja anaamka kwa wakati wake, anajitengenezea chake. Chakula cha jioni wanakula pamoja, bakuli linapita mkono kwa mkono, wanamwuliza: utaongeza? Anajibu: asante, nimeshiba. Bakuli linaendelea na safari yake.

Mtoto wa kwetu hafungui friji ya watu. Anasubiri kukaribishwa. Akikaribishwa anakataa kwanza, maana mwenye nyumba atamkaribisha tena, atasema "kula bwana, umekula nini sasa?", na ataongezewa sahanini huku mkono wake ukizuia kidogo. "Nimeshiba" ya kwanza kwetu si habari ya tumbo, ni adabu. Kule waliichukua kama habari ya tumbo, kwa sababu kule kumlazimisha mtu chakula alichokataa ni kumkosea. Miezi mitano mwanangu alikuwa anasema nimeshiba mara moja, anangoja mara ya pili ambayo haikuja.

Kulikuwa na jambo lingine zito. Katika mpango kama ule familia za wenyeji hazilipwi. Wanapokea mtoto kwa kujitolea, na chakula kinatoka mfukoni mwao. Watoto wanaelezwa hivyo ili washukuru, na wangu alishukuru kupita kiasi. "Hawalipwi hata senti, mama. Nami nile vyao mpaka nishibe?"

Kilichomshikilia ni shule. Minnesota walipitisha sheria mwaka 2023, na kuanzia mwaka ule wa masomo wanafunzi wakawa wanapata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bila kulipa. Pale hakufungua friji ya mtu. Alisimama kwenye foleni na sinia lake, mama wa jikoni akamwekea. Alipakuliwa. Jumatatu hadi Ijumaa alikula mara mbili za uhakika. Ndiyo maana Septemba na Oktoba hakupungua sana: siku za shule zilikuwa nyingi. Kisha ikaja sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba, kisha likizo ya Krismasi na mwaka mpya, shule imefungwa, giza, na simu ya mama iliyohamia kwenye korido ya kanisa. Nilipomwomba ajipime alisoma pauni 107. Nikazigeuza: kilo 48.5.

Alikuwa amepoteza kilo sita na nusu ndani ya nyumba yenye friji iliyojaa, kati ya watu waliompenda. Kama ningeletewa mgonjwa huyo bila maelezo ningetafuta minyoo, ningetafuta TB, ningetafuta msiba.

Tulichofanya

Shemeji alitaka arudishwe wiki ileile. Mume wangu naye akaanza kuelekea huko, na simlaumu, mzazi akisikia njaa hasikii kingine. Mimi nilimwuliza mtoto. Akasema hataki kurudi, na hataki kuhamishwa familia, kwa sababu watu wale hawajamkosea. Nilimwamini. Pia nilijua akirudi vile atarudi na hadithi moja tu kichwani, kwamba Wazungu walimnyima chakula, na hadithi hiyo si ya kweli.

Nilimwandikia mratibu wa eneo lake, kwa kuwa ndio utaratibu, akaufikisha ujumbe kwa mama mwenyeji. Nilianza na shukrani ya koti. Kisha nikaeleza: binti yangu hatachukua chakula ambacho hakuna aliyempa; akisema ameshiba mara ya kwanza msimwamini, mwulizeni tena, na mkiweza mwekeeni sahanini. Niliongeza kwamba hilo si ugonjwa wala si dharau kwa chakula chenu, ni malezi yangu.

Jibu lilikuja siku ya pili. Yule mama alikuwa ameumia sana. Aliandika kwamba aliona mtoto anakula kidogo, akadhani anajali umbo lake kama wasichana wengine wa shule, akaogopa kumsema na kumtia aibu. Kwa hiyo wanawake wawili, mmoja Minnesota na mmoja Dodoma, tulikuwa tumeuona mwili uleule ukipungua, kila mmoja akanyamaza kwa heshima.

Mengine yalikwenda haraka. Asubuhi ya Jumamosi akawa anakuta sahani mezani, imefunikwa. Upande wetu tulimpa kazi moja: kila siku atamke mara moja, kwa sauti, kwamba ana njaa. Wiki ya kwanza alisema ulimi uligoma. Simu tukaihamishia Jumamosi saa mbili usiku, akiwa chumbani. Machi walimpeleka Minneapolis, ambako kuna Wasomali wengi, na kwenye duka moja mwenye duka, aliyekulia Kenya, akamjibu kwa Kiswahili. Alirudi na unga wa ugali na pakiti ya bamia za kugandishwa, akawapikia wenyeji wake kitu alichokiita mlenda. Picha ninayo. Baba mwenyeji ameshika tonge kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga.

Ninavyokisoma kisa hiki

Wapo walioniambia kosa ni la wenyeji, na wapo walioniambia kosa ni la adabu zetu, kwamba tunawalea watoto wawe waoga. Sikubaliani na wote. Salamu yetu haina kasoro ikitolewa nzima. Mgogo akikusalimia hakuachi kwenye hujambo. Anauliza nyumba, watoto, shamba, mvua, ng'ombe, na "salama" ya kwanza ni mlango tu. Mwenye msiba hujibu salama mlangoni, msiba akausema akishaketi. Mimi niliyehamia mjini na kununua bando nilibaki na mlango. Nilisikia salama ya kwanza nikaandika salama, kisha nikajaza muda uliobaki na mahubiri.

Bibi alikuwa na faida mbili ambazo mzazi hana, na ni haki nizitaje. Ana utani na mjukuu wake, kwa hiyo anaweza kuuliza hata la kipuuzi bila mtoto kuhisi anachunguzwa. Swali la mbwa ndilo lililofungua kila kitu. Na simu ikiwa sikioni, hakuwa anamtazama. Mtoto alilia kwa sababu hakuna jicho lililomkodolea. Mimi na video yangu nilikuwa nataka kuona, naye akawa anajipanga aonekane.

Tena kulikuwa na bahati. Isingekuwa theluji ya siku ile, bibi angepewa mnong'ono wa korido kama sisi.

Mafunzo ya kabla ya safari yaliwaambia watoto: ukihitaji kitu, sema. Ni sahihi, ila mtoto hawezi kuanza kusema ugenini jambo ambalo kwao hajawahi kulisema. Mzazi anayejiandaa kumtoa mwanaye sasa, namsihi amzoeshe hapahapa: ampeleke akakae wiki kwa watu wasio ndugu, aone anavyofanya saa ya kula. Sisi tulimfundisha kupanda ndege.

Baada ya kurudi

Juni 2024 alishuka na kilo 53. Siku ya tatu tulimpeleka Mvumi. Akamwamkia baba mkubwa vizuri, akaulizwa hujambo, akajibu: "Sijambo, ila nimechoka sana na tumbo linanisumbua." Shemeji alinitazama mimi. Jioni alisema mtoto sasa anamjibu mkubwa kwa "ila". Nilimtetea, na bado namtetea. Mezani shangazi yake alipomwuliza kama ameshiba, akasema bado, niongezee mboga. Shangazi alifurahi mno.

Ila si yote niliyoyapokea. Mwezi wa pili tangu arudi alimwambia mgeni wetu, mzee wa kanisani, kwamba amekuja wakati mbaya, yeye anasoma. Nilimwita chumbani nikamkanya. Akaniuliza: "Kwani si kweli?" Nikamwambia ni kweli, na yule mzee ametembea juani kutoka Makole kuja kukuona wewe. Alinyamaza, akatoka kumpelekea maji. Tuliendelea hivyo miezi kadhaa, tukichambua lipi libaki na lipi litoke, wakati mwingine kwa ukali. Mwaka aliopoteza darasani aliuhisi siku alipoona picha za wenzake wa kidato cha sita. Hilo sikuwa na dawa nalo. Alianza cha tano Julai 2024 kwenye shule binafsi ya bweni, na ada yake imetubana.

Bweni hawaruhusiwi simu, anapiga kwa simu ya matroni, na nyuma yake kuna foleni ya wasichana. Jumapili moja mwaka jana alipiga nikiwa zamu, wodi imejaa, nimeshika chati mkononi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Salama, mama." Akasubiri kidogo. "Haya, uliza la pili."